Mgeni wa Angani Si Lazima Alete Funzo

Kuna swali moja ambalo limeua hadithi nyingi Kenya kuliko bei ya karatasi. Ni fupi, lina adabu, na mara nyingi linaulizwa na mtu anayekutakia mema: "Ni nzuri, lakini funzo liko wapi?"

Nimeulizwa shuleni. Nimeulizwa na jamaa zangu. Nimeulizwa kwenye warsha moja ya waandishi, nilikopeleka kisa cha mwanamke kutoka sayari nyingine anayeshuka stejini Kakamega, anakosa nauli, na kumwangukia makanga wa matatu ya Mumias. Mwezeshaji alisoma akacheka mara tatu, nilihesabu. Halafu akavaa uso wa kazi: huyu mgeni anawakilisha nini? Ukoloni? Mabadiliko ya tabianchi? Nikasema anawakilisha mwanamke kutoka sayari nyingine ambaye hana nauli. Hadithi haikupita. Zilizopita zilikuwa na ukame, vita au virusi. Moja ilikuwa na vyote vitatu.

Sina ugomvi na hadithi za ukame. Kiangazi kipo, na mtu aandike. Ugomvi wangu ni na ile sheria isiyoandikwa popote, inayosema Mwafrika akiiwaza kesho lazima aiwaze akilia, na akiota mgeni kutoka angani lazima mgeni huyo awe amebeba ripoti. Sheria hiyo naipinga mchana kweupe. Na shahidi wangu ana pembe mbili kichwani, bikini ya ngozi ya chui milia, na anatoa shoti ya umeme akikasirika.

Anaitwa Lum.

Kwa ambao hamjakutana naye: mwaka 1978, mchoraji wa Kijapani aliyekuwa na miaka 20 tu, Rumiko Takahashi, alianza kuchapisha manga iitwayo Urusei Yatsura katika jarida la Weekly Shōnen Sunday. Aliiendeleza hadi 1987. Fuji TV ilirusha anime yake kuanzia 1981 hadi 1986, vipindi 195, na watayarishaji wengine wakaifufua kati ya 2022 na 2024. Jina lenyewe ni mchezo wa maneno: wamechukua neno la Kijapani la kumwambia mtu aache kelele, wakachomeka herufi ya nyota ndani yake. Kwa lugha ya mtaa ungesema Hawa Wasee wa Angani Wana Kelele.

Kisa ni hiki. Viumbe wenye pembe wanafika duniani kuiteka. Wana uwezo wa kuimaliza kazi siku hiyohiyo, lakini wana mila yao: binadamu mmoja anapewa nafasi. Kompyuta inachagua jina bila mpango, na linatoka la Ataru Moroboshi, kijana wa sekondari, mvivu, mwenye macho ya kuzurura na nuksi aliyozaliwa nayo. Ana siku 10 za kumkimbiza binti wa mkubwa wa wavamizi na kumshika pembe. Binti anapaa, Ataru hapai. Siku ya mwisho mpenzi wake, Shinobu, anamwahidi ndoa akishinda. Ataru anazishika zile pembe na kupiga kelele kwamba sasa ataoa. Lum anadhani ameposwa yeye. Anakubali. Wavamizi wanaenda zao, Lum anabaki, na kwa miaka yote inayofuata mtaa mzima unalipa gharama ya sentensi moja iliyoeleweka vibaya.

Basi, hivyo tu. Hakuna dunia inayookolewa kwa hotuba. Kuna kisa cha teksi ya angani inayompeleka Ataru nyumbani, halafu dereva anadai nauli: mafuta yote ya petroli yaliyoko duniani. Lum analipa, kwa sharti kwamba ahamie kwa Ataru. Mtu yeyote aliyewahi kubishana na bodaboda usiku wa mvua pale Lurambi anajua kwamba hiyo si hadithi ya kisayansi. Hiyo ni taarifa ya habari.

*

Hapa Kakamega anime haikuja kwa ndege. Ilikuja kwa flashi. Unaingia duka la movie, unamwambia jamaa akujazie, unalipa, unaenda zako. Baadaye zikaja bando, na sasa vijana wa hosteli za kuzunguka Chuo Kikuu cha Masinde Muliro wanatazama kwa simu, taa zimezimwa, earphone moja sikio la kushoto na nyingine sikio la rafiki. Wengi wanapenda za ngumi, na sina neno na ngumi. Lakini ukitaja anime ya mapenzi na vichekesho na wageni wa angani, unapigwa kutoka pande tatu.

Wazee wanasema: ana pembe, basi ni shetani. Wasomi wanasema: hayo ni mambo ya kukimbia uhalisia, wakati kijana wa Kenya anapaswa kuandika kuhusu kodi na ajira. Na vijana wenzangu, hao ndio wananiuma, wanasema: ni ya kitoto, haina maana.

Nianze na neno maana, kwa sababu ndilo linalotumiwa kama rungu.

Kiingereza kina neno la mgeni unayempikia, neno lingine la mgeni usiyemjua, lingine la mgeni anayepigwa muhuri pale uhamiaji, halafu alien. Na hilo la mwisho halijabaki angani. Wakimbizi wa Kakuma na Dadaab wamebeba kwa miaka mingi kitambulisho ambacho kila mtu hapa Kenya anakijua kwa jina la alien card. Mtu amevuka mpaka kwa miguu akikimbia risasi, akapewa karatasi yenye jina la kiumbe wa sinema.

Kiswahili kina neno moja tu: mgeni. Anayekuja kula ni mgeni. Anayekuja kukutazama vibaya ni mgeni. Kiumbe wa Mirihi akitua leo Bukhungu katikati ya mechi, mtangazaji wa redio atasema tumepata mgeni. Na lugha hii hii ina methali mbili zinazopigana. Moja inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyingine inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kati ya hizo methali mbili kuna vichekesho vyote vya ulimwengu. Urusei Yatsura ni hadithi ya mgeni aliyefika siku ya tatu, hakupewa jembe, na hakuondoka. Ukiniambia hilo halina maana kwa mtu aliyelelewa kwenye nyumba ya Waluhya, ambako ingokho inachinjwa kabla mgeni hajamaliza kusalimia, na ambako binamu aliyekuja kwa wikendi ana miaka minne sasa kwenye kile chumba cha nyuma, basi hatujalelewa mji mmoja.

*

Kakamega yenyewe inawajua wageni wanaotua ghafla, na inawajua kuliko Tokyo.

Mwaka 1931 dhahabu ilipatikana hapa. Mwaka uliofuata wazungu walimiminika na mahema, sufuria za kuoshea mchanga na vigingi vya kuweka mipaka kwenye mashamba ya watu. Sasa sikiliza sehemu tamu, au chungu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria mwaka 1930, Native Lands Trust Ordinance, iliyoahidi kwamba ardhi ya hifadhi za Waafrika ingebaki yao daima, na kwamba ikichukuliwa sehemu, wangefidiwa kwa ardhi nyingine. Daima ile ilidumu miaka miwili. Desemba 1932 sheria ilirekebishwa ili ardhi yenye dhahabu ichukuliwe bila kulipwa ardhi nyingine. Hasira hizo zilichangia kuzaliwa kwa North Kavirondo Central Association. Mgodi wa Rosterman, nje kidogo ya mji, ulichimbwa hadi 1952. Leo Rosterman ni jina la mtaa, na kuna watoto wanaocheza kati pale wasiojua kwamba wanacheza mahali ambapo chombo cha angani kilitua.

Weka hiyo kando ya hadithi ya Lum. Wavamizi wana nguvu zote. Wanaweka mchezo, wanaweka sheria, wanaweka siku 10. Wanashindwa na kijana asiye na adabu. Halafu wanafanya jambo ambalo hakuna mvamizi aliyewahi kulifanya hapa kwetu: wanaondoka. Hawarekebishi sheria siku ya tisa. Mimi nikitazama kipindi hicho ninacheka, na kicheko changu kina mchanga ndani yake, kwa sababu najua mchezo wetu uliisha vipi.

Nasikia mtu akisema: aha, umeona! Si umelipata funzo!

Ngoja kidogo. Sikusema hadithi nyepesi haina kitu ndani. Nilisema isilazimishwe kukionyesha mlangoni kabla ya kuruhusiwa kuingia. Takahashi hakukaa chini aandike kuhusu Rosterman. Aliandika mzaha, akauandika vizuri, na mzaha ukiandikwa vizuri unakuwa na nafasi ya kutosha kuingiza Kakamega nzima bila kuombwa. Ile hadithi yenye funzo lililopangwa tayari haina nafasi hiyo. Imejaa. Imejazwa na mwandishi, mfadhili na mwalimu, na msomaji anasimama mlangoni kama abiria wa kumi na tano wa matatu ya kumi na nne.

Funzo linaweza kuwa abiria. Lisifanywe nauli.

*

Huu ugonjwa tumeupata wapi? Hatukuupata kwa kukhu.

Watu wa Isukha na Idakho wana isukuti, ngoma ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Isukuti inapigwa kwenye harusi, inapigwa kwenye mieleka ya mafahali, na inapigwa matangani. Ndiyo, matangani. Mluhya hazikwi kimya. Kuna kulia, kuna kucheza, kuna mtu anayemtania marehemu mbele ya mjane, na mjane mwenyewe anacheka na kamasi. Hakuna anayesema kwamba kicheko kile kimeidharau maiti. Kwa hiyo msiniambie kwamba uzito ni utamaduni wetu. Uzito tulifundishwa darasani, na tukaufaulu vizuri sana.

Chukua vitabu teule. Riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, kisha Chozi la Heri ya Assumpta Matei, kisha Nguu za Jadi ya Clara Momanyi: viongozi wabovu, ardhi iliyonyang'anywa, watu waliofurushwa, ukabila. Ni kazi za watu wanaojua kalamu, na nchi inazihitaji. Lakini kijana wa Kenya anatoka kidato cha nne akiwa amezoezwa kwa miaka kwamba kitabu ni jipu na kazi ya msomaji ni kulikamua. Maudhui, mbinu, wahusika na umuhimu wao. Hebu waza Urusei Yatsura ingekuwa kitabu teule:

"Swali la 3. (a) Eleza sifa nne za Ataru. (alama 4) (b) Taja mbinu nne za lugha zinazojitokeza Lum anapompiga Ataru shoti. (alama 4) (c) Kwa kutoa mifano kumi na miwili, thibitisha kwamba Lum ni kielelezo cha madhara ya utandawazi. (alama 12)"

Umecheka, lakini unajua ungelijibu. Ungepata 17. Na usingemkumbuka Lum tena maisha yako yote.

Mtahini huyo hatumwachi shuleni. Tunatoka naye. Anakaa kwenye jopo la mashindano ya hadithi, anakaa kwenye ofisi ya mfadhili, anakaa ndani ya kichwa chako saa tano usiku unapoandika. Ndiye anayekuambia mgeni wako wa angani aje kuonya kuhusu misitu. Sisi wa Kakamega ndio kabisa, kwa sababu tuna msitu. Ni kipande kilichobaki Kenya cha msitu ule wa mvua wa Afrika ya kati, na kila anayeandika kisa hapa anasukumwa aupitishe humo na kuutolea machozi. Msitu ni mtamu na unakatwa, nakubali. Lakini pia ni mahali ambapo wanafunzi wanaenda kupiga picha na mtu ambaye wamemwambia mama ni kikundi cha masomo. Hiyo nayo ni habari ya msitu.

*

Mtu ataniuliza: kwani hatuna hadithi za kisayansi zetu? Tunazo, na ninazijua.

Mwaka 1995 Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyewahi kuwekwa kizuizini enzi za Moi, alitoa riwaya ya Walenisi. Dzombo anahukumiwa kifo, anafungiwa ndani ya chombo na kutupwa angani, halafu anajikuta katika nchi ya haki inayoitwa Walenisi. Soma jina polepole: wale ni sisi. Katika neno moja Mkangi amemaliza mjadala wote wa wageni wa angani. Tazameni pia kwamba alilimaliza kwa mzaha wa maneno, sawasawa na Takahashi na ile nyota yake. Alikuwa na mambo mazito ya kusema kuliko sisi sote, na bado alicheza.

Mwaka 2009 Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi, filamu fupi ya dunia iliyobaki bila maji, miaka 35 baada ya vita vikuu vya tatu, vita vya maji. Ilituonyesha kwamba kesho inaweza kuwa na sura ya mwanamke mweusi. Halafu mwaka 2023 Disney+ ilitoa Kizazi Moto, mkusanyiko wa katuni 10 za Kiafrika, na Mkenya Ng'endo Mukii akiwa humo na Enkai yake. Nilifurahi. Kisha nikagundua kwamba Disney+ haikuwa imefunguliwa Kenya. Jina la mkusanyiko ni la Kiswahili safi, na wenye Kiswahili tumefungiwa nje ya geti tukisoma bango. Tuliitazama kama tunavyotazama vyote: kwa flashi.

Lakini kuhusu Kahiu kuna la zaidi, na ndilo linalonipa nguvu. Huyohuyo wa Pumzi alikuja kuchoka. Akaanza kutetea kitu alichokiita AfroBubbleGum: sanaa ya Kiafrika ya raha, ya ukali na ya upuuzi mtamu, isiyo na Ukimwi, isiyo na vita, isiyoomba msaada. Mwaka 2017 alilisimulia hilo jukwaani TED. Mwaka 2018 filamu yake Rafiki, hadithi ya mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, ikawa ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes, na nyumbani bodi ya filamu ikaipiga marufuku. Bodi ilisema shida ni mapenzi ya jinsia moja. Kahiu naye amesimulia kwamba aliombwa abadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Mahakama Kuu ilibidi iingilie kati ili ionyeshwe kwa siku 7.

Uwe na msimamo wowote kuhusu filamu ile, rudi kwenye ombi hilo. Mwisho ungekuwa na majuto, hadithi ingepita. Furaha ndiyo iliyohitaji kibali. Kwa hiyo ninaposema kicheko ni jambo zito, simaanishi kwamba vichekesho vinapunguza presha. Namaanisha kwamba kuna watu wanaokaa ofisini kuhakikisha kwamba hadithi yako inaishia kwa majuto, na silaha yao ya kwanza ni lile swali lenye adabu.

*

Sasa tusidanganyane. Urusei Yatsura ina madoa. Ataru anashinda ule mchezo kwa kumnyang'anya Lum sidiria yake angani, na mambo ya kushikashika wasichana yanarudiwa kama kibwagizo. Ni mzaha wa 1978 na mwingine umechacha. Kuna anayesema hiyo inatosha kuitupa yote. Mimi naona kinyume: hiyo ndiyo sababu ya kuandika yetu. Mzaha ukichacha hautibiwi kwa hotuba. Unatibiwa kwa mzaha bora. Na tayari ndani ya mfululizo huo mwenye nguvu si Ataru. Ni Lum anayepaa, Lum mwenye umeme, Lum anayelipa nauli. Kila Ataru anapoleta ujinga anaungua. Nimetazama tamthilia nyingi za kwetu zenye funzo, ambamo mwanaume mzinzi anaombewa msamaha na kwaya. Umeme ungesaidia.

Pingamizi la pili ndilo kubwa: mbona Japani? Kwa nini kijana wa Shinyalu akimbilie pembe za Wajapani?

Kwa sababu zile pembe Takahashi hakuzitoa angani. Alizitoa kwa bibi yake. Lum ni oni, zimwi la Kijapani la tangu zamani, lenye pembe na ngozi ya chui milia, lile linalofukuzwa kwa kurushiwa maharagwe kila Februari. Rafiki yake Oyuki anatokana na mwanamke wa theluji wa ngano zao. Benten ana jina la mungu wa kike wa bahati. Takahashi alichukua kijiji kizima cha ngano, akakiwekea injini, akakirusha juu, kisha akakirudisha duniani kikiwa wageni wa angani. Hakuomba Marekani imuazime viumbe.

Na sisi? Sisi tuna amanani. Kila mtoto wa Kiluhya aliyewahi kukaa na kukhu jikoni anawajua. Tena ile hadithi maarufu kuliko zote, inayosimuliwa kwa sura mbalimbali Afrika Mashariki nzima, ni hii: msichana anawakataa wachumba wote wa kijiji. Anakuja mgeni mtanashati, hakuna anayejua kwao. Msichana anampenda, anamfuata, na njiani anagundua kwamba mume ni zimwi.

Jameni. Hiyo ni nini kama si mapenzi na kiumbe wa sayari nyingine? Tumekuwa na mtambo huo jikoni kwa karne nyingi. Tofauti ni mwisho. Mwisho wetu unasema: msichana aliliwa, au aliponea chupuchupu, kwa hivyo wasikilize wazazi wako. Funzo. Takahashi alikuwa na mtambo wa namna hiyohiyo, zimwi na mchumba, akautoa msumari wa adhabu na kuuliza swali ambalo hakuna kukhu aliyeruhusiwa kuliuliza: je, kama zimwi lina moyo? Je, kama ni zimwi ndilo lililodanganywa? Je, kama wanapendana kweli, na shida ni kwamba wanagombana kuhusu chakula?

Hiyo ndiyo hatua moja tunayokosa. Uwezo tunao. Tuna DJ Afro, anayechukua filamu ya mtu wa Hong Kong na kuipachika maneno mpaka jambazi wa huko anakuwa na jina la mtaani na deni la kodi ya nyumba. Vibanda vya video vimejaa kwa miaka kwa ajili ya sauti yake, na hakuna aliyewahi kutoka mle akiuliza maudhui. Tuna mahali pa kutua: pale Ilesi, kando ya barabara ya Kisumu, Jiwe Linalolia limesimama kama mtu mkubwa aliyechoka, maji yanamtiririka usoni, na sisi tunachofanya ni kupiga picha na kuendelea na safari. Taifa lingine lingekuwa limeshaandika misimu mitano kuhusu kwa nini analia. Mimi nina wazo: aliachwa na mtu aliyemwahidi atarudi baada ya wikendi. Hana funzo. Ana mapenzi yaliyogoma, tena ya saizi yake.

*

Kwa hiyo ninataka vitu vitatu, na sitavifunika kwa lugha tamu.

Wahariri na majaji, likishuka kwenu zimwi lenye mapenzi, msilipe fomu ya kujaza. Someni kwanza. Mkicheka mara tatu, hesabuni kile kicheko kama alama.

Waandishi wenzangu, acheni kujitahini. Ukijipata unamwongezea mgeni wako hotuba ya misitu katika ukurasa wa mwisho, jua kwamba huyo si wewe anayeandika. Ni yule mtahini, na hajawahi kupenda mtu.

Na wewe unayetazama kwa simu usiku, unayesema "ni ya kitoto tu" kabla mtu hajakucheka: usiombe msamaha. Watoto wa hapa walirithi 1932. Walirithi vitambulisho vyenye jina la viumbe. Wamerithi kesho ambayo kila anayeichora anaichora bila maji. Kuiwaza kesho hiyohiyo ikiwa na mtu anayekupenda vibaya, anayepaa, anayekugombeza kwa Lwisukha kwa sababu hukupiga simu, si kukimbia uhalisia. Ni kudai sehemu ya uhalisia tuliyonyimwa.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali ni nzuri kwa binamu wa chumba cha nyuma. Mgeni wa hadithi ni wa aina nyingine. Huyo asilime. Akae sebuleni, ale ingokho, apoteze sandali chini ya kochi, amwangukie makanga wa Mumias, achome fyuzi ya nyumba nzima kwa wivu. Mkimpa jembe hatabishana. Atapaa tu, arudi kwa wale waliompokea tangu 1978, na sisi tutabaki hapa shambani, tukiwa na mafunzo mengi na hakuna wa kucheka naye.